Kaboni ya Jengo Huamuliwa Mezani kwa Msanifu

Tangu Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya mwaka wa 2024 ipitishwe, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Kwa kuwa fedha ni zetu, tuna haki ya kuuliza si bei ya chumba tu, bali pia kiasi cha gesi ya kaboni kinachotangulia kila ghorofa.

Miradi mingi siku hizi hujivunia mitambo ya sola iliyo juu ya paa. Hatuibezi. Lakini umeme wetu kwa sehemu kubwa hutoka tayari katika mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Tana na upepo wa Marsabit, wala si katika makaa ya mawe. Mzigo wetu mzito umo katika saruji.

Ili kupata klinka, ambayo ndiyo kiini cha saruji, mawe ya chokaa huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Wapo wanaodhani kwamba tukibadilisha kinachochomwa tanurini, tatizo limekwisha. La hasha! Zaidi ya nusu ya gesi hiyo hutoka katika jiwe lenyewe. Hapana budi, basi, kutumia klinka kidogo.

Na njia tunazo. Saruji iliyochanganywa na pozolana, yaani majivu ya volkano, huuzwa madukani kote, nayo yatosha kwa plasta na kuta. Nguzo na mihimili ya ghorofa tumwachie mhandisi. Lakini ukuta usiobeba kitu wahitaji saruji kali ya nini? Jiwe la kuchonga la Ndarugu halipiti tanurini kamwe. Udongo mwekundu ukishindiliwa kwa mashine pamoja na saruji kidogo hutoa tofali imara lisilochomwa. (Ule mweusi, unaovimba mvua inyeshapo, haufai, na tofali la kuchoma, ambalo wengine hulisifu kuwa la kiasili, limekwisha kula miti mingi.)

Msingi ukishamwagwa, machaguo hayo huwa yamepita. Ndiyo maana twaitaka wizara inayohusika iwalazimishe wasanifu na wahandisi kuandika katika zabuni kiasi cha kaboni kwa kila mita mraba, kando ya gharama, kabla ya mwanakandarasi yeyote kutia sahihi.