Mtihani juu ya kichuguu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Liwale. Nasoma shahada kwa mtandao katika chuo ambacho sitakitaja. Mwezi uliopita nilifanya jaribio nimesimama juu ya kichuguu, kando ya mkorosho, maana hapo ndipo simu yangu hushika vijiti viwili. Swali la kumi na nne, mtandao ukakatika. Uliporudi, muda ulikuwa umekwisha, na maswali yote yaliyobaki nikapewa sifuri.

Ada tunalipa sawa na wenzetu wa Dar es Salaam. Bando ni juu yetu, na video moja ya mhadhara hulimeza la siku nzima. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoanza kufundisha mwaka 1994, watu walisomea vitabu vilivyochapwa; karatasi haidai mnara. Sisemi turudi huko (posta nayo ina mambo yake). Naomba tu mihadhara ya sauti tupu tuipakue usiku, bando likiwa nafuu, na jaribio libaki wazi siku mbili badala ya saa moja. Aliyekatikiwa mtandao arudie bila kulipishwa.

Mwalimu mwanafunzi,
Liwale, Lindi