Sisi Ndio wa Mwisho: Nani Atasimulia Historia ya Shule Yetu?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Wasomaji wapenzi, kabla sijatoa maoni yangu, hebu niwasimulie kisa kifupi.

Muhula uliopita, saa ya kwenda nyumbani, nilinunua njugu karanga za shilingi ishirini hapo langoni, kwa yule mama tunayemjua sote. Nilipozimaliza nikakunjua karatasi iliyofungiwa. Si mnajua tabia yangu ya kusoma kila kitu! Nusura macho yanitoke. Ilikuwa ni rejista ya darasa, tena ya shule yetu. Juu yake paliandikwa kwa wino wa buluu: Kidato cha Tano, 1988. Chini yake majina yalijipanga, na mbele ya kila jina alama za waliofika na waliokosa.

Nikarudi mbio. "Mama, karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Niliuziwa na kijana wa mkokoteni, mwanangu," akanijibu. "Anasema ni takataka za stoo ya shule yenu."

Ni kweli. Stoo ile ilikuwa inaondolewa vitu ili ipatikane nafasi ya Gredi ya 10. Sisemi kwamba kuna mtu aliyekusudia ubaya. Wenzetu wa Gredi ya 10 lazima wapate mahali pa kuketi. Lakini swali lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki: Kidato cha tano? Shuleni kwetu? Mimi nilidhani kidato cha tano ni mambo ya Tanzania!

Siku iliyofuata nilimpelekea karatasi ile fundi wa viatu anayeketi karibu na kituo cha matatu. Nilikuwa nimesikia ati alisoma hapa. Akavaa miwani, akapitisha kidole chake chenye gundi juu ya majina yale polepole. "Hawa walikuwa wakubwa wetu," akasema. "Mimi niliingia kidato cha kwanza 1986. Hawa wa kidato cha tano walikuwa wakitucheka, eti sisi ni watoto wa kujaribiwa. Huyu hapa alikuwa golikipa. Huyu alishafariki."

Nilimwuliza kwa nini wao walikuwa wa kujaribiwa. Hapo ndipo nilipopata somo ambalo sijalipata darasani.

Zamani mtoto wa Kenya alisoma miaka saba ya shule ya msingi, minne ya upili, kisha miwili ya kidato cha tano na cha sita, ndipo aende chuo kikuu kwa miaka mitatu. Mwaka wa 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaanza. Watoto waliokuwa darasa la saba mwaka wa 1984 hawakwenda sekondari, waliendelea hadi darasa la nane na kufanya KCPE ya kwanza mwaka wa 1985. Kwa hivyo mwaka huo hakuna aliyeingia kidato cha kwanza. Fundi aliambiwa na waliomtangulia kwamba mwaka ule shule ilikuwa kama nyumba isiyo na mtoto mchanga. Mwaka wa 1989 mitihani miwili ikafanywa: KCSE ya kwanza, na ile ya kidato cha sita ya mwisho, KACE. Baada ya hapo kidato cha tano na cha sita vikafungwa.

Sasa, ndugu msomaji, jiulize: si hayo ndiyo tuliyoyaona kwa macho yetu? Sisi tulifanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023, tukaingia kidato cha kwanza Januari 2024. Mwaka wa 2025 tulingoja wadogo wetu, hawakuja. Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10 wa mtaala wa umilisi, na mdomo wetu mrefu ukaanza kuwacheka, eti wao ni wa kujaribiwa. Tutakapofanya KCSE mwaka wa 2027, mlango wa 8-4-4 utafungwa nyuma yetu. Sisi ndio wale wa kidato cha tano wa 1988. Karatasi yetu nayo itafungiwa njugu?

Hii ndiyo hoja yangu. Darasa letu lina wajibu wa kuiandika historia ya shule hii kabla halijaondoka, na wajibu huo hatuwezi kumwachia mtu mwingine.

Najua wengine watanicheka. Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Wewe nawe! Shule ya kutwa ina historia gani? Historia ni ya Alliance bana." Ni kweli Alliance ilianza mwaka wa 1926 na ina mengi ya kujivunia. Lakini si lazima twende Kikuyu kutafuta historia. Hapa Eastlands tunaikanyaga kila siku tukienda shule.

Chukueni majina peke yake. Kila asubuhi utingo wa matatu anaita, "Jericho! Ofafa! Mbotela!" Ni wangapi wetu wanaojua kwamba Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi, akauawa mwaka wa 1953 wakati wa hali ya hatari? Tom Mbotela naye alikuwa kiongozi wa chama cha KAU, akauawa mwaka wa 1952. Mitaa ikapewa majina yao. Wenzetu wa Ofafa Jericho hubeba jina la mtu huyo kwenye sare zao. Hata Jogoo Road tunayovuka tukikimbia kengele iliitwa Doonholm Road hapo awali.

Tukumbuke pia kwamba zamani shule ziligawanywa kwa rangi ya ngozi. Jamhuri iliitwa Duke of Gloucester na Pangani iliitwa Duchess of Gloucester, nazo zilikuwa za watoto wa Kihindi. Lenana ilikuwa Duke of York, ya Wazungu. Mtoto wa Mwafrika wa Kaloleni au Pumwani aliziona tu kwa nje. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 ilipendekeza watoto wote wasome pamoja bila kubaguliwa. Kisha mitaa ikapanuka: Buruburu, Umoja na Dandora zikajengwa miaka ya 1970, Dandora kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Watoto wa mitaa hii walihitaji shule za upili karibu na nyumbani. Shule za kutwa kama yetu ni jibu la haja hiyo. Mzazi asiyeweza kulipa karo ya bweni alipata mahali pa kumpeleka mwanawe, na mwanawe akarudi jioni kumsaidia kuuza mboga. Je, hiyo si historia?

Shule inayojua hadithi yake husimama wima. Tazameni majirani zetu wa Starehe. Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu waliianzisha mwaka wa 1959 kwa vibanda viwili vya mabati, ili kuwasaidia wavulana waliokuwa hawana makao. Mabati si kitu cha fahari, lakini wao hawayaonei haya. Sisi tuna nini? Tuna jiwe la msingi pale karibu na ofisi, lakini limepakwa rangi mara nyingi mpaka herufi zimejaa, halisomeki. Siku moja kwenye paredi wanafunzi wawili walibishana kuhusu umri wa shule yetu karibu wapigane. Hakuna aliyeweza kuwaamua.

Sababu za kusahau kwetu ziko wazi. Kwanza, sisi ni wa kutwa. Kengele ya jioni ikilia kila mtu anatoroka kwenda kwao, hakuna usiku wa kusimuliana hadithi bwenini. Pili, walimu huhamishwa, na kila anayehama huondoka na anayoyajua. Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, sisi wenyewe tunaionea haya shule yetu. Ukiulizwa kwenye matatu unasoma wapi, unajibu kwa sauti ya chini au unataja mtaa badala ya shule. Mtu hawezi kuhifadhi kitu anachokionea haya.

Mwingine atasema kwamba historia haipiki ugali, na pesa za shule ni za maabara. Nakubali. Lakini ninayoyapendekeza hayahitaji pesa. Chama chetu cha Kiswahili kiombe ruhusa kwa mwalimu mkuu, tuzichambue karatasi zilizobaki stooni kabla hazijauzwa. Rejista na picha tuzitie kwenye sanduku moja, likae maktabani. Pili, tuchukue sabuni, brashi na subira, tulisugue lile jiwe mpaka liseme. Tatu, kila mwanafunzi wa kidato cha tatu amtafute mtu mmoja aliyesoma hapa. Hawako mbali. Wengine ni wazazi wetu, wengine ni makanga, wauguzi, mafundi. Amwulize maswali matatu: uliingia mwaka gani, mlikula nini saa saba, na ni jambo gani hutalisahau? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili na yachapishwe katika jarida hili mwaka ujao, mwaka wetu wa mwisho. Wa Gredi ya 10 nao tuwaite tufanye nao kazi hii badala ya kuwacheka, kwa maana wao ndio watakaobaki na sanduku.

Ile karatasi ya njugu bado ninayo. Nimeinyoosha kwa pasi na kuitia ndani ya kitabu changu cha Historia, ingawa mafuta yake hayatoki. Nilipomwaga yule fundi alinishika mkono akaniambia, "Kijana, siku tulipomaliza, wa kidato cha sita walitoka langoni siku moja na sisi. Sisi tuliimba. Wao walinyamaza, kwa sababu nyuma yao hapakuwa na mtu."

Nyuma yetu wapo watu. Tuwaachie kitu cha kusoma. Mali bila daftari huisha bila habari, na shule je?

Kidato cha Tatu Mashariki