Wageni waliovuka bahari na sheria zao: Kitendawili cha bandari za China

KWA takriban karne moja, Mwingereza aliyemuua Mchina mjini Shanghai hakusimamishwa mbele ya hakimu wa China. Alihukumiwa na maafisa wa nchi yake, kwa sheria za nchi yake, huku jamaa za marehemu wakiwa kama wageni katika ardhi yao wenyewe.

Kinga hiyo ilizaliwa na Vita vya Kasumba. Mkataba wa Nanking wa 1842 ulifungua bandari tano, Shanghai na Guangzhou zikiwemo. Kanuni za biashara za 1843 ndizo zilizowapa Waingereza kinga yenyewe, na Marekani ikaipanua katika mkataba wa Wangxia wa 1844. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuyaonja hayo: Sayyid Said aliwapa mabalozi wa Marekani mamlaka kama hayo kupitia mkataba wa 1833, na Waingereza mwaka wa 1839.

Watetezi wa kinga hiyo walikuwa na hoja. Mnamo 1784, mzinga wa salamu kutoka meli ya Kiingereza, Lady Hughes, uliwaua Wachina wawili. Mpiga mzinga alikabidhiwa wenyeji, akanyongwa. Wazungu walilalama kuwa ajali imegeuzwa mauaji. Ni malalamiko ya haki, ingawa Uingereza ya wakati huo nayo ilikuwa ikiwanyonga wezi.

Mwanahistoria Pär Cassel, katika kitabu chake cha 2012, anaonyesha kwamba utawala wa Qing ulikuwa na desturi ya kuwahukumu Wamanchu na Wachina kwa taratibu tofauti. Kwa hivyo, maafisa wake hawakuona fedheha kumwachia kiongozi wa wageni awaadhibu watu wake. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaeleza mwanzo tu. Haielezi yaliyofuata.

Mahakama ya Mseto iliundwa Shanghai mnamo 1864 ili hakimu wa Kichina asikilize kesi zinazowahusu Wachina katika mtaa wa wageni, mjumbe wa kibalozi akiketi kando yake pale maslahi ya wageni yalipoguswa. Mapinduzi yalipozuka 1911, mabalozi waliitwaa. Tangu hapo hadi 1927, hata kesi za Wachina kwa Wachina zilikuwa chini ya mkono wa wageni. Kinga ilikuwa imegeuka utawala.

Uingereza iliahidi mnamo 1902 kuiachilia China ikishatengeneza sheria zake. Japani ilikuwa imejikomboa kwa njia hiyo mwaka wa 1899. Hata hivyo, tume ya mataifa ilipotoa ripoti 1926, jibu lilikuwa lile lile: bado. Na hayo yalisemwa mwaka mmoja tu baada ya polisi wa mtaa wa wageni kuwapiga risasi waandamanaji Shanghai, Mei 30, 1925.

Uingereza na Marekani zilitia saini kuikomesha kinga hiyo Januari 11, 1943, wakati Shanghai ilikuwa mikononi mwa Wajapani. Zilitoa kile ambacho hazikuwa nacho. Miezi minne baadaye, China ilikubali wanajeshi wa Marekani washtakiwe na jeshi lao pekee, suala ambalo Wakenya wamelijadili sana kuhusu wanajeshi wa Uingereza walioko Nanyuki. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliponajisiwa Beijing, Desemba 1946, aliyeshtakiwa alihukumiwa na mahakama ya kijeshi ya Marekani. Mwaka uliofuata, hukumu hiyo ilibatilishwa Washington.