Mchele Mmoja, Mapishi Mbalimbali

Wapo wanaodhani kwamba kuokoa umeme ni kazi ya mafundi peke yao. Sisi tunashikilia kwamba ni kazi ya sheria, na penye sheria hapakosi siasa. Ushahidi tunautoa Marekani, ambako kila jimbo lina bunge lake na hujitungia sheria zake.

Mwaka wa 1974, California ilipitisha sheria ya kuunda Tume ya Nishati na kuipa mamlaka ya kuweka viwango vya friji, vifaa vinginevyo na majengo mapya. Mwaka wa 1982, wasimamizi wa bei walitenganisha mapato ya kampuni za umeme na kiasi cha umeme zinachouza. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kampuni inayolipwa kwa kila yuniti haiwezi kumhimiza mteja azime taa, kwa kuwa taa ikizimwa yenyewe hupata hasara. Hasara hiyo ilipoondolewa, kampuni hazikuwa tena na sababu ya kupinga uokoaji. Kwa miongo kadhaa tangu katikati ya miaka ya sabini, matumizi ya umeme kwa kila mkazi wa California yalikaa karibu palepale, huku yale ya Marekani nzima yakipanda kwa takriban nusu. Ni kweli kwamba hali ya hewa na uchache wa viwanda vizito vilichangia. Lakini havikuifanya kazi hiyo peke yake.

Tazama sasa Ohio. Sheria yake ya mwaka wa 2008 ilizitaka kampuni za umeme zipunguze matumizi ya wateja kwa asilimia 22 kufikia 2025. Mwaka wa 2019 bunge la jimbo likaigeuza: wananchi watozwe ada ya kuokoa vinu viwili vya nyuklia, na sharti la kuokoa umeme likomeshwe. Baadaye ikathibitishwa mahakamani kwamba takriban dola milioni 60 za hongo zilipita nyuma ya sheria hiyo. Mwaka wa 2023 aliyekuwa Spika, Larry Householder, alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Bunge lilikuwa limeifuta ruzuku ya nyuklia mwaka wa 2021, lakini sharti la kuokoa umeme halikulirudisha. Mwizi alishikwa, mali haikurudi.

Ndugu wasomaji, jambo hili latuhusu. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti sehemu ya mamlaka juu ya nishati, na Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake. Basi tuwaulize wawakilishi wetu wa wadi, katika mabaraza na katika kumbi za makanisa: mpango wetu u wapi? Uliandikwa na nani? Na umeme ukipotea bure, ni nani anayefaidika? Sheria njema isiyolindwa na wananchi huuzwa usiku, na bili huletwa asubuhi mlangoni mwao.