"Mjomba, inanionyesha tu"

Desemba iliyopita mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, alikuja kwetu Tanga kwa likizo. Kutwa nzima alikuwa barazani na simu mbili, yake na ya mama yake. Siku ya tatu nikatoka na kikombe changu cha kahawa, nikasimama nyuma yake kimya. Kwenye simu ya kulia alikuwa anacheza sataranji na mtu asiyemjua, dakika 10 kila upande. Kwenye simu ya kushoto alikuwa amefungua Stockfish, programu ya bure ambayo hakuna binadamu anayeiweza. Mpinzani akisogeza farasi, kijana anamsogeza farasi yuleyule kwenye simu ya pili. Programu inatoa mshale: malkia aende pale. Naye anampeleka malkia pale.

Alikuwa ameshinda mara 11 mfululizo, na furaha aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli.

"Huo si wizi?" nikamwuliza.

"Mjomba, inanionyesha tu. Mimi ndiye ninayesogeza."

Nilishafungua mdomo nifoke, nikaufunga. Utetezi ule niliujua. Mwaka 2006 niliutoa mwenyewe, karibu neno kwa neno.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi Leicester, Uingereza. Baridi ilinifungia chumbani tangu saa kumi jioni, na World of Warcraft, mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, ndio ulionipa watu wa kuzungumza nao. Nilijiunga na kundi la wachezaji 40, wengi wao sijawaona sura hadi leo. Mimi nilikuwa kasisi, yaani mganga wa kundi: wenzangu wapigane, mimi niwatibu. Kulikuwa na jitu moja la pango la moto, linaitwa Lucifron. Lilikuwa linawatupia watu uchawi unaolipuka baada ya sekunde 10. Mganga alitakiwa kukodolea macho majina 40 kwenye kioo, amtambue aliyerogwa, amlenge, amwague. Kisha aamue nani afuate, kwa sababu wote huwezi kuwawahi.

Rafiki mmoja akaniletea Decursive. Ilikuwa programu ndogo ya nyongeza, iliyotengenezwa na wachezaji wenyewe na kugawiwa bure. Blizzard, kampuni yenye mchezo huo, ilikuwa imeacha mlango wazi makusudi ili watu wajiongezee vitu vya namna hiyo: ramani inayosomeka vizuri, saa ya kuhesabu sekunde, vitufe vikubwa. Decursive ilizidi hapo. Nilikuwa nabonyeza kitufe kimoja tu, yenyewe inamtafuta aliyerogwa, inamlenga, inachagua dawa, inatibu. Nikibonyeza tena, inamfuata mwingine. Usiku mmoja niliwaagua wenzangu wote huku nakula wali, macho yakiwa kwenye sahani. Kiongozi wa kundi akanisifu mbele ya watu. Nikapokea sifa, nikaendelea kula.

Jirani yangu wa bwenini aliponiuliza kama ile si hila, nilimjibu kwa kujiamini: mimi ndiye ninayebonyeza.

Desemba ya mwaka huohuo wa 2006 Blizzard ikabadilisha mchezo. Programu za nyongeza zikanyimwa uwezo wa kujichagulia mgonjwa na kujichagulia dawa. Decursive ikarudi na umbo jipya: safu ya visanduku vidogo, kila mchezaji na chake, na aliyerogwa kisanduku chake kinabadilika rangi. Kukibofya ni juu yako. Nilinuna. Usiku wa kwanza watu wangu walikufa mmoja baada ya mwingine, na safari hii hakuna aliyenisifu. Wiki chache baadaye nikaanza kujua, bila kujiuliza, nani aokolewe kwanza na nani anaweza kuvumilia kidogo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba muda wote ule nilikuwa sijawahi kuwa mganga. Nilikuwa mtu anayegonga kitufe.

Kutokana na kisa hicho nilijitungia kanuni, na mpaka mwaka jana niliwafundisha wanafunzi wangu wa kompyuta: chombo kikikuonyesha, ni msaada, kikikutendea, ni wizi. Kanuni fupi, inakaa kichwani. Mpwa wangu ameivunja kwa simu mbili. Stockfish haikusogeza hata kitu kimoja kwenye ubao wake. Ilimwonyesha tu, kama anavyosema. Lakini kwenye sataranji kuonyeshwa ndiyo kila kitu, na kusogeza ni kazi ya kidole.

Kwa hiyo nimelazimika kuanza upya, na nimefika hapa: kabla ya kukihukumu chombo, uliza mchezo wenyewe unampima mtu nini. Chombo kikikuondolea adha iliyo pembeni ya kipimo, ni msaada, hata kiwe na nguvu kiasi gani. Kikichukua kile kinachopimwa, ni wizi, hata kiwe kidogo kama mshale.

Ndiyo maana programu ileile ni haramu hapa na halali pale. Kuna sataranji ya masafa, ambayo zamani watu walitumiana hatua kwa barua. Shirikisho lake la kimataifa, ICCF, linawaruhusu wachezaji kutumia kompyuta. Wote wanajua, wote wanazo, na kinachopimwa ni nani anaweza kuihoji mashine kwa subira mpaka ione ambacho haikukiona mara ya kwanza. Michezo mingi mno ya ngazi ya juu huishia sare, lakini hakuna aliyedanganywa. Mpinzani wa mpwa wangu yeye alidhani anapimana akili na binadamu mwenzake.

Kipimo hicho kinafaa hata pale ambapo uamuzi hauhusiki kabisa. Kwenye Counter-Strike, mchezo wa kulengana risasi, mtu anayekimbia hawezi kulenga sawasawa. Ni lazima asimame ghafla: aachie kitufe cha kwenda kulia na papo hapo abonyeze cha kushoto, ajizuie, kisha afyatue. Wachezaji hutumia miaka kuzoeza vidole jambo hilo. Mwaka 2024 zikaenea kibodi ambazo, ukishikilia vitufe viwili vinavyopingana, zinakifuata kile ulichokigusa mwisho bila kukutaka uachie cha kwanza. Mchezaji bado ndiye anayeamua aende wapi na ampige nani. Kilichotoweka ni sehemu ndogo ya sekunde na kosa la kidole. Agosti mwaka huo Valve, wenye mchezo huo, walitangaza kwamba hila hizo zitatambuliwa kwenye seva zao, na anayezitumia ataondolewa kwenye mechi. Wapo walioona ni ukali wa bure, maana kibodi ni kibodi. Mimi nawaunga mkono Valve. Kwenye mchezo ule vidole navyo vimo kwenye mtihani.

Roboti zinazocheza mwenyewe akiwa amelala hazihitaji falsafa. Machi 2005 Mmarekani mmoja, Michael Donnelly, alijiandikia programu iitwayo Glider ili imchezee World of Warcraft. Baadaye akaiuza, dola 15 hadi 25. Zikanunuliwa kama 120,000. Kesi yake na Blizzard ilifika mahakama ya rufaa, ambayo Desemba 2010 ilisema kuvunja masharti ya mchezo kwa kutumia roboti si sawa na kuvunja hakimiliki, lakini kutengeneza chombo cha kumkwepa mlinzi wa mchezo, programu iitwayo Warden, ni kuvunja sheria. Katika kesi hiyo Blizzard walieleza kwamba kufikia Machi 2008 walikuwa wamepokea malalamiko 465,000 kuhusu roboti za kila aina. Waliolalamika ni watu waliokaa kwenye viti vyao, wakicheza kwa mikono yao, wakikuta pori limeshavunwa na wasiochoka.

Lakini itazameni ile 120,000 kwa jicho la pili. Hao walilipia mchezo, kisha wakalipia wasiucheze. Hapa wenye michezo hawana budi kujibu. Ukimtaka mtu aue nguruwe mwitu mmoja mmoja kwa mamia ili apande daraja, unampima nini hasa? Unapima ana saa ngapi za kupoteza. Mahali pasipopimwa ujuzi wowote, kishawishi cha kuweka roboti kinajileta chenyewe. Silihalalishi jambo hilo. Nasema aliyejenga nyumba isiyo na madirisha asishangae watu wakitoboa kuta.

Kuna watu wengine ambao kanuni yangu ya zamani iliwaonea, nao ni walemavu. Tangu 2018 Microsoft wanauza kifaa cha kuchezea chenye vitufe viwili vikubwa na matundu ya kuunganisha vitufe vingine, ili asiye na vidole acheze kwa kiwiko, goti au kidevu. Ukishikilia kwamba kila chombo kinachokutendea ni wizi, unaanza kumtilia shaka hata huyo. Ukiuliza kinachopimwa, unaona mara moja kwamba kiwiko hakijamwibia mtu.

Ninachoomba si kikubwa. Wenye michezo waandike wazi kwa lugha ya wachezaji, si katika kurasa 40 za mawakili, ni msaada upi unaruhusiwa na kwa nini. Wanaoandaa mashindano ya simu mitaani kwetu, yenye kiingilio na zawadi, waseme hayo kabla ya mechi ya kwanza, wasingoje ugomvi wa fainali. Nasi wazazi, walimu na wajomba tuache kuuliza "umeshinda?" peke yake. Tuulize pia "ulimwonaje yule malkia?" Aliyemwona mwenyewe atasimulia mpaka chai ipoe.

Akaunti ya mpwa wangu ilifungwa kabla likizo haijaisha. Akaniuliza wamejuaje. Nikamwonyesha muda wa hatua zake: zote sekunde saba au nane, hata pale ambapo hakuwa na pengine pa kwenda. Binadamu hafikirii hivyo.

Jioni hiyo nikampeleka kwenye baraza letu la drafti, ubao wa mbao na vizibo vya soda. Pale yupo mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, ambaye mikono yake inatetemeka kiasi kwamba akigusa kete moja anaangusha tatu. Siku zote kijana yeyote aliyepo humsogezea. Anasema "ile ya pembeni, mbele", kijana anasogeza, na sijawahi kusikia mtu akilalamika. Mpwa wangu akakaa kumsaidia.

Katikati ya mchezo wa pili nikaona mkono wake umesita juu ya ubao. Mzee alikuwa ametaja kete ya kulia. Upande wa kushoto kulikuwa na mtego wa kula kete tatu mpaka kingi, na kijana alikuwa ameuona. Nililiona jicho lake likienda kushoto, likirudi.

"Sogeza nilipokwambia," mzee akasema, bila ukali.

Akasogeza. Mzee akafungwa, akacheka, akasema panga tena. Njiani kurudi nyumbani kijana alikuwa kimya mpaka karibu na mlango, kisha akasema: "Mjomba, ile ya kushoto niliiona mwenyewe." Akaanza kunisimulia, na tukakaa kizingitini mpaka akamaliza.