Maleba ya Kikabila ni ya Kabila Gani?

Hivi majuzi mwanafunzi wangu mmoja wa isimu aliniletea picha ya wanawake watano waliokuwa wakicheza ngoma jukwaani huko Marekani. Walivaa marinda mapana yenye mikunjo tele, suruali pana ndani yake, blauzi fupi zilizoacha tumbo wazi, na vilemba vikubwa vichwani. Shingoni, mikononi na viunoni walikuwa na mapambo ya fedha kiasi cha kumfanya mtazamaji ajiulize waliwezaje kuinua mguu. Maelezo ya picha yalisema kuwa hiyo ni ngoma ya tumbo ya mtindo wa kikabila. "Mwalimu," akaniuliza, "hawa ni kabila gani?"

Swali lilikuwa la haki, na jibu lake ni fupi: si kabila lolote.

Ngoma yenyewe, ambayo Wazungu waliipachika jina la tumbo na ambayo Wamisri huiita raqs sharqi, ina asili yake Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini. Lakini mtindo huu wa kikabila ulizaliwa California. Mwaka 1968 Jamila Salimpour aliunda kikundi cha Bal Anat. Mwanafunzi wake, Masha Archer, ambaye pia ni msanii wa vito, akachanganya mavazi ya nchi nyingi bila kujali mipaka. Naye Carolena Nericcio, aliyefunzwa na Archer, akaanzisha kikundi cha FatChanceBellyDance mjini San Francisco mwaka 1987, na humo ndimo maleba tunayoyaona leo yalimopata sura yake.

Hebu tuyachanganue maleba hayo kama tunavyochanganua sentensi. Blauzi fupi ni choli ya India. Rinda, ambalo huweza kumeza yadi 10 au hata 25 za kitambaa, lina undugu na marinda ya wanawake wa Rajasthan na Gujarat. Kile kitambaa cha wavu kilichopenyezwa vipande vyembamba vya madini hadi kikameremeta hujulikana kwa jina la mji wake, Asyut, nchini Misri. Na ile mikufu, vikuku na mikanda mizito iliyoshonewa sarafu aghalabu ni ya Wakuchi, wafugaji wa kuhamahama nchini Afghanistan, ambao hata jina lao limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya kuhama.

Hapa yafaa tutue kidogo. Kwa jamii ya wahamaji, vito ni mali ya mwanamke anayoweza kuibeba popote aendapo. Majeshi ya Kisovieti yalipoivamia Afghanistan mwezi Desemba 1979, mamilioni ya watu walikimbilia Pakistan na Iran, na vito vingi vya aina hii vikaishia katika masoko ya Pakistan, kisha vikavuka bahari hadi maduka ya Ulaya na Marekani. Si ajabu, basi, kwamba mkufu ambao mama fulani aliuuza ili wanawe wapate unga uligeuka kuwa "pambo la kikabila" katika jukwaa la San Francisco. Jina lake la asili halikusafiri nao.

Sisemi haya ili kuwalaumu washonaji wa maleba hayo, kwani kazi yao ina maarifa. Wachezaji wa mtindo huu hawakariri ngoma nzima. Kiongozi hutoa ishara kwa mkono au kwa kugeuza kichwa, na wenzake humfuata papo hapo. Mikono iliyo wazi huzifanya ishara hizo zionekane, na vishada vya nyuzi na sarafu viunoni hukuza mtikisiko mdogo hata akauona aliyeketi nyuma kabisa. Mwalimu yeyote wa fasihi simulizi atakiri kwamba hivyo ndivyo maleba yanavyotakiwa kufanya kazi.

Nililolitilia shaka ni jina. Nericcio mwenyewe aliliacha mwaka 2020, akauita mtindo huo kwa herufi za kikundi chake, FCBD. Nilipomweleza mwanafunzi wangu jambo hilo alicheka, akasema Wamarekani wamejisumbua bure, maana kabila ni neno tu. Hapo ndipo nilipoamua kuandika makala haya.

Neno tu? Sisi tulilipokea kutoka Kiarabu, tukaliundia ukabila na mkabila, na hakuna hata moja kati ya hayo mawili ambalo mtu angependa kuitwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kulikuwa na barabara nchini humu ambako abiria aliulizwa kabila lake, na jibu lake likaamua iwapo angefika kwake. Zaidi ya watu elfu moja walikufa katika ghasia hizo. Mcheza ngoma wa California aliweza kulivua neno hilo pamoja na kilemba baada ya onyesho. Msafiri wa Naivasha hakuweza.

Wala tusijidai kwamba sisi hatuchanganyi. Neno leso lina asili ya Kireno, na shanga ambazo Wamaasai wamezipa rangi na maana zao zilitoka katika viwanda vya vioo vya Ulaya. Kuazima si kosa. Mmaasai anaweza kukueleza kila ushanga huvaliwa na nani, na kwa nini.

Je, wanafunzi wetu wanaweza? Katika tamasha moja ya muziki ya shule nilitazama wasichana wakicheza chakacha wakiwa wamevaa sketi za mkonge, shanga za Kimaasai na leso zilizokazwa viunoni. Walicheza vizuri mno. Baadaye nilimuuliza mmoja wao jina la kile alichojifunga kiunoni. Akafikiri kidogo, kisha akajibu kwa adabu, "Ni vazi la kikabila, mwalimu."

Lilikuwa kibwebwe. Nina hakika binti huyo amekwisha kuandika "nilijifunga kibwebwe" katika insha zaidi ya ishirini, akapewa alama kwa msemo huo, na siku alipojifunga chenyewe hakukitambua. Naye mwalimu aliyempa alama hizo ndiye aliyemkaza leso ile nyuma ya jukwaa.

Napendekeza kwamba kabla ya mashindano yajayo, kila mwanafunzi atakayepanda jukwaani aandike ukurasa mmoja kuhusu anachovaa: kipini, hazama, furungu, njuga, utunda, chochote kile, jina lake kwa lugha ya wenyewe, hutengenezwa kwa nini, na nani haruhusiwi kukivaa. Waamuzi waupokee ukurasa huo pamoja na maneno ya wimbo, na wautolee alama.