Si Arudie Tu Mtihani?

Novemba 2021, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya, alitoa tarakimu iliyochekesha nchi: kati ya wauguzi 300 waliotahiniwa Kiingereza ili wakafanye kazi Uingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Mitandaoni ikawa mizaha mitupu. Watu waliofundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, wakapewa leseni kwa mtihani ulioandikwa kwa Kiingereza, na ambao kila zamu hujaza faili za wagonjwa kwa Kiingereza, wakawa kichekesho cha taifa. Waliojiuliza mtihani wenyewe unapima nini walikuwa wachache mno.

Kicheko kile kina ndugu yake, na huyo ndiye ninayemkusudia leo. Safari hii muuguzi amefaulu. Ameuza ng'ombe, amekopa Sacco, amepanda ndege, na sasa anavaa sare ya hospitali huko ng'ambo. Kisha siku moja anapokea barua pepe: matokeo yako ya Kiingereza yametiliwa shaka, tunayachunguza. Habari ikifika nyumbani, kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, hukumu hutoka kabla hajamaliza kueleza. Kama hakuiba, anaogopa nini? Si arudie tu mtihani?

Nimelisikia swali hilo kutoka kwa watu ninaowaheshimu, wakiwemo wauguzi wenyewe. Linavaa joho la busara, lakini ni swali la mtu asiyejua mtihani ule unavyofanya kazi wala viza inavyofanya kazi, na linamhukumu muuguzi huku likijidai linampa ushauri.

Tuanze na mtihani. IELTS, ambao wengi huupitia, una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kila moja hupewa bendi kuanzia 0 hadi 9. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, NMC, linadai bendi 7 katika sehemu tatu na 6.5 katika kuandika. Hiyo 6.5 imekuja Desemba 2018. Kabla ya hapo ilikuwa 7 kote, na kuandika ndiko kulikowaangusha wauguzi kwa wingi. Mtahiniwa hupewa saa moja. Katika saa hiyo aeleze grafu au jedwali kwa maneno yasiyopungua 150, kisha aandike insha ya maneno 250 juu ya mada yoyote ile, pengine utalii, pengine iwapo miji mikubwa ina faida kuliko hasara. Muuguzi aliyekaa miaka kumi kwenye wadi ya wajawazito mara ya mwisho kuandika insha ya faida na hasara alikuwa kidato cha nne.

Linganisha na OET, mtihani uliobuniwa Australia kwa ajili ya watu wa afya, ambao NMC ilianza kuupokea Novemba 2017. Huo humpa muuguzi maelezo ya mgonjwa na kumtaka aandike barua ya kumhamisha au kumruhusu. Kwenye kuzungumza hupewa kadi, akasoma kwa dakika chache, kisha akakaa na mtu anayeigiza mgonjwa mwenye hofu au binti wa mzee aliyekasirika, akatakiwa amtulize na kumweleza dawa. Hapo walau kinachopimwa kinafanana na kazi. Lakini hata huo una saa yake na mizani yake, na kuna siku mtu huamka vibaya.

Na hapa ndipo "arudie tu" inapoanza kuvuja. Alama za mitihani hii hupanda na kushuka kwa nusu bendi bila mtu kuongeza wala kupoteza Kiingereza chochote. Wenye IELTS wenyewe wanalijua: ukiomba karatasi yako isahihishwe upya, na alama ikabadilika, ada unarudishiwa. Mwaka 2017 magazeti ya Uingereza yaliandika habari za wauguzi wa Australia na New Zealand, watu waliozaliwa na Kiingereza mdomoni, waliokwama kwenye kigezo cha NMC. Mwaka huohuo huko Australia daktari wa mifugo kutoka Ireland, mwenye digrii mbili alizozisomea kwa Kiingereza, aliangushwa kwenye kuzungumza na mtihani mwingine, ule unaosahihishwa na kompyuta. Hakuna aliyesema Mwairelandi yule hajui Kiingereza. Watu walicheka kompyuta.

Sasa mchukue muuguzi wa Kakamega aliyepata 6.5 ya kuandika miaka mitatu iliyopita, bendi ileile hasa iliyotakiwa. Mwite leo kwa ghafla, akiwa na tuhuma kichwani na bila kulala, umpe grafu. Akipata 6, utasikia: si tulisema? Kumbe kupima mara ya pili kwa mizani inayotikisika hakuthibitishi kwamba kipimo cha kwanza kilikuwa cha wizi. Anayemwambia arudie "ili ajisafishe" anampeleka kwenye mchezo ambao akishinda ataambiwa amejifunza baadaye, na akishindwa ameshahukumiwa.

Halafu kuna viza. Viza ya mfanyakazi wa afya nchini Uingereza imefungwa kwa mwajiri anayemdhamini. Mwajiri akimwachisha kazi, kwa kawaida hubaki na siku 60 za kupata mdhamini mwingine, la sivyo afungashe virago. Ni mwajiri gani atamdhamini mtu ambaye usajili wake unachunguzwa? Mikataba mingine ina kifungu cha kumdai arudishe gharama za kumleta endapo ataondoka mapema. Watoto wako shule kule. Sacco huku inakata kila mwezi. Wanaosema "tu" katika "arudie tu" hawajaziweka siku hizo 60 kwenye kalenda.

Najua jibu litakalokuja: huku kwetu kuna wizi. Upo, na sitaufunika. Kuna matangazo mitandaoni ya "cheti cha IELTS bila kufanya mtihani", na kuna maajenti wanaochukua pesa za wauguzi wetu na kuwauzia karatasi. Baadhi ya wanunuzi walijua wanachonunua. Hao wakithibitika, wafutwe kwenye daftari la usajili na waende kwao, sina machozi nao. Hoja yangu ni juu ya neno hilo "wakithibitika", ambalo limekuwa likirukwa kama dimbwi la maji.

Mwaka 2014 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha jinsi mtihani mwingine, TOEIC, ulivyokuwa ukiuzwa katika chuo kimoja London, mtu akikaliwa kiti na mwingine wa kumjibia. Ulaghai ulikuwepo, na baadhi ya waliouendesha walifungwa. Lakini kampuni ya Marekani yenye mtihani huo, ETS, ilipoambiwa ipitie matokeo ya Uingereza ya 2011 hadi 2014, ilirudi na jibu la ajabu: asilimia 97 ya mitihani yote ilikuwa na walakini, asilimia 58 batili na asilimia 39 ya kutiliwa shaka. Isome tena hesabu hiyo. Karibu kila aliyekaa kwenye kiti cha mtihani alikuwa mwizi au alifanana na mwizi. Maelfu ya wanafunzi wa kigeni walinyang'anywa viza, wengi bila haki ya kukata rufaa wakiwa bado ndani ya Uingereza, na kupata sauti iliyorekodiwa siku ya mtihani, ushahidi ambao ungemwokoa au kummaliza mtu kwa dakika moja, kukawa vita. Kufikia 2019, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza iliripoti rufaa kama 12,500, na 3,600 hivi zilikuwa zimeshinda.

Kweli, mwaka 2022 baraza la rufaa za uhamiaji lilisema ushahidi wa ETS, pamoja na kasoro zake, unatosha kumtaka mtuhumiwa ajibu. Vema. Ajibu. Lakini kujibu kunahitaji mtu aonyeshwe anachotuhumiwa, apewe muda, na awe na wa kumsemea. Maelfu waliondolewa au kuondoka wenyewe kabla ya hayo.

Wauguzi waliguswa moja kwa moja mwaka 2023, si kwa Kiingereza bali kwa mtihani wa kompyuta wa hesabu na nadharia ya uuguzi. NMC ilitangaza kwamba takwimu za kituo kimoja mjini Ibadan, Nigeria, hazikuwa za kawaida. Wauguzi 512 waliokuwa wameshasajiliwa na wengine zaidi ya elfu moja walioomba usajili wakaingia chini ya wingu. Wapo waliomaliza mtihani mrefu kwa dakika chache mno, na hao walikuwa na la kueleza. Kesi zao zikafika mbele ya kamati. Ila mtu aliyeketi Ibadan akatumia muda wake wote, akatoka jasho lake, naye aliambiwa matokeo ya kituo kizima hayaaminiki. Huyo kosa lake lilikuwa nauli: kituo kile kilikuwa karibu na kwao.

Sisi Wakenya tungekuwa wa kwanza kulielewa hili. Matokeo ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ya 2015 yalipotangazwa, watahiniwa zaidi ya 5,000 walifutiwa mtihani. Yupo mzazi anayeweza kukusimulia mtoto wake alivyobeba lawama ya shule nzima. Mzazi huyohuyo leo anaandika kwenye kikundi kwamba muuguzi asiye na hatia haogopi kurudia.

Na kana kwamba tulihitaji ushahidi zaidi, Novemba 2025 wenye IELTS walitangaza kwamba hitilafu ya kiufundi iliharibu alama za kusikiliza na kusoma za baadhi ya watahiniwa kati ya Agosti 2023 na Septemba 2025. Walisema ni chini ya asilimia 1. Magazeti ya Uingereza yakapiga hesabu yakapata watu wapatao 80,000. Kuna waliopewa alama kubwa kuliko walizostahili na kuna waliopunjwa. Miaka miwili mtihani ulikuwa na ugonjwa, na hakuna aliyewaambia wenye mtihani kwamba kama hawana hatia wasiogope. Waliomba radhi, wakatuma alama mpya. Muuguzi angeomba radhi kwa namna hiyo angefungiwa mlango.

Hoja nzito pekee upande wa pili ni mgonjwa. Muuguzi asiyetofautisha "fifteen" na "fifty" za miligramu zikitamkwa kwenye simu saa tisa usiku ni hatari, na mgonjwa wa Leeds ana haki sawa na mgonjwa wa Lodwar ya kuhudumiwa na mtu anayemwelewa. Nakubali bila masharti. Ndiyo maana nashangaa kwamba shaka ikizuka watu hukimbilia grafu na insha, badala ya kwenda wadini. Kule yupo msimamizi aliyemsikia akikabidhi zamu asubuhi na jioni kwa mwaka mzima. Zipo kumbukumbu za wagonjwa alizoandika kwa mkono wake. Wapo madaktari aliowapigia usiku. Februari 2023 NMC yenyewe ilianza kupokea maelezo ya mwajiri kuhusu Kiingereza cha mtu aliyefanya kazi naye Uingereza kwa mwaka mmoja au zaidi, kwa aliyekosa alama kidogo tu au aliyesomea uuguzi kwa Kiingereza katika nchi ambayo wengi si wazungumzaji wake wa kuzaliwa. Ikiwa neno la msimamizi linaweza kumsaidia mtu kupata usajili, basi liwe la kwanza mezani usajili huo unapotiliwa shaka. Anayejali usalama wa mgonjwa kwa dhati ataanzia hapo.

Kumsaidia muuguzi wa namna hii si kumfichia makosa. Maana yake aonyeshwe picha iliyopigwa siku ya mtihani, sauti yake na karatasi yake. Maana yake aendelee kupata mshahara, hata kama kwa kazi za chini ya usimamizi, mpaka uamuzi utoke, na saa ya viza isimamishwe wakati uchunguzi unaendelea. Akitakiwa kurudia, apewe muda wa kujiandaa na ada ilipwe na anayemtilia shaka. Na matokeo ya pili yasitumike kama ushahidi wa uovu wa yale ya kwanza.

Kwa wewe unayejiandaa kuondoka, nina mawili ya kukuambia, na ni ya bure, si kama ya ajenti. Hifadhi kila kitu: risiti ya malipo ya mtihani, barua ya kuitwa, tiketi ya basi ya siku ile, hata picha uliyojipiga mlangoni. Pili, jiunge na chama cha wafanyakazi, RCN au Unison, wiki ya kwanza ukifika. Usisubiri barua. Vyama hivi hutetea wanachama, na tatizo lililoanza kabla hujajiunga huenda visilibebe.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya kicheko cha 2021. Julai mwaka huo Kenya ilitia saini na Uingereza mkataba wa kupeleka wauguzi kule. Aliyeweza kukaa mezani kujadili kupelekwa kwao anaweza kukaa tena mezani kujadili yatakayowapata wakishutumiwa: wakili, muda, na ofisa mmoja katika ubalozi wetu London ambaye simu yake inapokewa. Wizara ya Afya ilijua kuhesabu waliofeli. Ituambie sasa ni wangapi wametiliwa shaka baada ya kufaulu, na nani anawasemea.